Nasaba na Biashara katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi: Uhakiki kutoka Goma

1.0 Utangulizi

Kitabu kiitwacho Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe kimekuwa mikononi mwa wasomaji kwa zaidi ya miaka 120. Wanahistoria wamekitumia kutafutia njia za misafara na majina ya watawala wa bara. Wanaisimu wamekitumia kuchunguzia Kiswahili cha Unguja cha mwishoni mwa karne ya 19. Mara nyingi, hata hivyo, kitabu hiki kimechukuliwa kama ghala: kila mtafiti huingia, akachukua anachokihitaji, akatoka bila ya kuitazama nyumba yenyewe.

Makala hii inakusudia kukisoma kitabu hiki kama kazi ya fasihi, na hasa kama kitabu cha ukoo. Tunadai kwamba nguzo inayoshikilia usimulizi wake wote ni nasaba: nani mtoto wa nani, nani ameoa kwa nani, na nani anaweza kusema "huyu ni wetu". Tunadai pia kwamba kitabu hiki, bila ya kukusudia, kinafichua jinsi nasaba inavyotengenezwa, inavyotumiwa kama mtaji na inavyoweza kubuniwa mbele ya macho ya msomaji. Humo ndimo uzito wake mkubwa kwetu.

Tunasema "kwetu" kwa sababu tunasoma kutoka Goma. Goma si mji mkongwe. Ni mji wa karne ya 20, uliokua kando ya ziwa Kivu chini ya volkano, wala haukuwa kwenye njia kuu ya misafara ya Tippu Tip, ambayo ilivuka Tanganyika ikaelekea Maniema na mto Lualaba. Lakini lugha inayosikika sokoni, kanisani, msikitini na shuleni mwetu ilisukumwa kuelekea bara, kwa sehemu kubwa, na misafara ya watu kama yeye. Msomaji wa Goma anapokifungua kitabu hiki hukutana na lugha yake mwenyewe ikiwa katika kinywa cha mtu ambaye babu zetu wengi walimkimbia. Hali hiyo haiwezi kuwekwa kando kwa kisingizio cha uhakiki usioegemea upande wowote.

2.0 Ukoo, Mji na Matini

Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi alizaliwa Unguja yapata 1837, akafariki huko huko, katika Mji Mkongwe, mwezi wa Juni 1905. Nyumba yake ya Shangani bado imesimama, katika mji ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia. Upande wa baba ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokwisha kuchanganya damu na watu wa Mrima. Miongoni mwa wazee wake wa kike alikuwamo mwanamke wa asili ya Kibantu kutoka Mbwamaji, kusini ya mahali palipokuja kuwa Dar es Salaam. Mama yake, binti wa Habib bin Bushir, alitoka katika ukoo wa Waarabu wa Maskati. Baba yake, Muhammed bin Juma, alifanya makao Unyanyembe, karibu na Tabora, akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira.

Maelezo haya ya ukoo ndiyo ramani ya kitabu. Mtu mmoja ana mizizi Maskati, Unguja, Mrima na Unyamwezi, na kila mzizi unafungua mlango wa njia fulani ya biashara. Msomaji asiyeikumbuka ramani hii atadhani kwamba kitabu ni mfululizo wa safari tu.

Kuhusu matini yenyewe, hatuna budi kukumbuka jinsi ilivyozaliwa. Mwandishi alikuwa mzee, amekwisha kuacha safari, alipoombwa na Mjerumani Heinrich Brode aandike habari za maisha yake. Aliandika kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Brode akaigeuza kuwa hati za Kirumi na kuichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin mnamo 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alitoa matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza mnamo 1958 na 1959, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 François Bontinck, padre na mtaalamu aliyeishi na kufundisha Kongo, alitoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi, iliyochapishwa Brussels.

Kila mmoja kati ya watu hawa alikiwekea kitabu mlango wake. Brode, katika wasifu alioutunga mwenyewe mwaka 1905 kwa kutegemea matini hii, alimwita shujaa wake dikteta wa Afrika ya Kati katika anwani yenyewe. Whiteley alimrudishia mwandishi sauti yake, lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki ya Kiingereza. Bontinck ndiye aliyemfikiria zaidi msomaji wa Kongo, ila alimfikiria kwa Kifaransa. Hivyo Mkongo anayetaka maelezo ya kitaalamu juu ya kitabu kilichoandikwa kwa lugha yake analazimika kuyatafuta katika lugha ya Wabelgiji. Hili peke yake lingetosha kutufanya tukirudie kitabu hiki kwa Kiswahili.

3.0 Ukoo kama Mtaji

Tawasifu nyingi huanza na kuzaliwa, malezi na masomo. Hii yaanza na biashara. Msimulizi anatutokea akiwa kijana wa miaka 12 anayechukua sandarusi katika safari fupi pamoja na ndugu yake wa upande wa mama, Muhammed bin Masud el Wardi, na wajomba zake. Hatuambiwi alisoma chuo gani wala alimpenda nani. Tunaambiwa alikwenda na nani, na huyo nani daima ni ndugu.

Mtindo huu unaendelea katika kitabu kizima. Akiwa na umri wa miaka 18 anafuatana na baba yake kwenda bara, na hatimaye anavuka Tanganyika kwenda Urua. Mgogoro wake wa kwanza wa maana hauhusu hatari ya njiani. Unahusu nani awe msimamizi wa mali ya baba. Kijana anakataa kuwekwa chini ya mtu mwingine. Katika kitabu cha aina nyingine tukio hilo lingekuwa hadithi ya kijana kupata utu uzima. Hapa ni hadithi ya mtoto kuthibitisha kwamba jina la ukoo ni dhamana yake, na kwamba dhamana hiyo haigawanywi na mtu wa nje.

Biashara ya misafara iliendeshwa kwa mkopo. Tajiri wa Kihindi wa Unguja, kama alivyokuwa Taria Topan, alitoa nguo, shanga na bunduki, naye mfanyabiashara aliahidi kuleta pembe baada ya miaka. Tippu Tip alikaa bara miaka 12 kabla ya kurudi Unguja mwishoni mwa 1882. Mtu anayekwenda mbali kiasi hicho, kwa muda kiasi hicho, hawezi kudhaminiwa na karatasi peke yake. Anadhaminiwa na watu wake waliobaki nyuma na waliotapakaa njiani: baba Tabora, jamaa Ujiji, ndugu Kasongo na Nyangwe, mwana wake Sefu na jamaa yake Bwana Nzige katika vituo vya Lualaba. Ukoo ndio benki, ndio posta, na panapohitajika ndio jeshi.

Ndiyo maana vipindi vya uchungu katika kitabu hutokea pale ambapo uhusiano wa ahadi unavunjika. Sehemu zinazomhusu Stanley ni mfano mzuri. Mwaka 1876 Tippu Tip alikubali kumsindikiza kuteremka Lualaba kwa ahadi ya dola 5,000. Baadaye analalamika kwamba ahadi hazikutimizwa, na kwamba alichokipata kutoka kwa mgeni huyo ni picha yake. Mwaka 1887 walifunga mkataba mwingine uliomfanya kuwa wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, chini ya bendera ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Nao ukaishia katika mashtaka. Msimulizi ana hisia kali ya haki. Lakini haki anayoifahamu ni ya mkataba: aliyeahidi alipe. Wale ambao hawakuahidiwa chochote, yaani waliotekwa na waliobebeshwa mizigo, wamo nje ya haki hiyo.

4.0 Nasaba ya Kubuni: Kisa cha Kasongo Rushie

Tunafika sasa kwenye kisa ambacho, kwa maoni yetu, ndicho kilele cha kifasihi cha kitabu. Msimulizi anakaribia Utetera, nchi ya mtawala mzee aitwaye Kasongo Rushie. Njiani anasikia kutoka kwa watu wa nchi ile kwamba zamani dada wa mtawala walitekwa katika vita wakapelekwa Urua, na kwamba habari zao zilipotea. Anayashika majina na mpangilio wa kisa. Kisha anajitokeza kuwa mjukuu. Babu yake Habib bin Bushir, anasema, alikwenda Urua zamani, akamnunua mwanamke, akamfanya suria. Mwanamke huyo, mmoja wa dada wale, akamzaa mama yake. Mzee anamkubali, anafurahi kwamba damu yake imerudi, na anamkabidhi utawala. Hivyo mfanyabiashara anageuka mtawala bila ya kupiga risasi.

Wasomaji wengi wamekicheka kisa hiki kama hila ya mtu mjanja. Katika fasihi simulizi yetu hila ya sungura ina heshima yake, na hapana shaka kwamba msimulizi anajivunia akili yake. Lakini mhakiki anapaswa kuuliza maswali matatu.

Swali la kwanza linahusu mbinu. Msimulizi hamfichi msomaji jinsi alivyoipata habari. Anamweka nyuma ya pazia pamoja naye. Anachokisahau ni kwamba amekwisha kutueleza nasaba yake ya kweli kwa sauti ile ile, kwa maneno yale yale ya "babu yangu" na "mama yangu". Sauti haibadiliki inapotoka kwenye kweli kuingia kwenye uongo. Matokeo yake ni kwamba msomaji makini anarudi nyuma na kuziangalia nasaba zote za kitabu kwa jicho jipya. Anatambua kwamba nasaba, hata iliyo ya kweli, ni usemi unaosemwa mbele ya watu wanaotaka kuusikia, na kwamba nguvu yake inatoka kwa wanaoukubali.

Swali la pili linahusu uwezekano. Kwa nini mzee aliamini? Kwa sababu kisa kilikuwa kinafanana na mambo yaliyotokea kweli. Wanawake wa bara walitekwa, wakauzwa, wakawa masuria, wakazaa watoto ambao kwa sheria ya Kiislamu walikuwa huru na wenye jina la baba. Uongo wa Tippu Tip ungewezekana tu katika ulimwengu ambamo maelfu ya wanawake walikuwa wamepotea kwa njia hiyo. Mwanamke anayetajwa katika uongo huu ana jina, ana kaka, ana nchi na ana watu wanaomngoja. Ndiye mateka aliyepewa historia kamili kuliko wote katika kitabu, naye hakuwa bibi wa mtu anayeisimulia. Wale waliokuwa bibi wa watu kweli hawakupata hata nusu ya hayo.

Swali la tatu linahusu mzee mwenyewe. Usimulizi unamwonyesha kama mtu aliyedanganyika. Hata hivyo tunaweza kumsoma kwa njia nyingine. Mtawala aliyechoka, anayeziona bunduki zikikaribia, anaweza kuona heri kuupokea uongo unaomfanya mgeni awe mjukuu. Mjukuu ana wajibu, mshindi hana. Kumkubali mgeni katika ukoo ni njia mojawapo ya zamani ya kumfunga kamba bila ya kumgusa. Matini haithibitishi usomaji huu, wala haiukatai. Msimulizi anajua alichokisema yeye. Hajui mzee alinyamaza nini.

5.0 Frasila na Watu

Kuhusu fani, kitabu kimeandikwa kwa sentensi fupi na kwa mfuatano wa vitenzi vyenye kiambishi -ka-. Watu wanakwenda, wanafika, wanasema, wanapigana, wananunua, wanaondoka. Mazungumzo ni mengi na ya kupendeza, maelezo ya mandhari ni machache, na maoni ya moja kwa moja ni machache zaidi. Ni usimulizi wa mtu aliyezoea kuzungumza barazani. Anajua msikilizaji atachoka wapi, na hamngojeshi.

Lakini -ka- ina gharama yake. Ni kiambishi kinachounganisha matukio kwa wakati na kuyaacha bila ya sababu. Kijiji kinapigwa, kinakimbiwa, kinachomwa, na msafara unaendelea. Kila tendo linakaa sawa na tendo la kununua chakula. Sisemi kwamba sarufi ya Kiswahili ina kosa. Nasema msimulizi ameitumia sarufi hiyo ili asisimame. Na pale anaposimama, anasimama kuhesabu pembe. Frasila, kipimo cha ratili 35 hivi, ndiyo kituo kikuu cha usimulizi wake. Baada ya vita dhidi ya Nsama wa Itabwa, mnamo 1867, vita vilivyomjeruhi na kumpatia sifa bara nzima, mali iliyopatikana inaelezwa kwa uangalifu ambao waliouawa hawaupati.

Tusimwonee kwa kumlinganisha na waandishi wa leo. Tumlinganishe na watu wa zama zake na mji wake. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Naye alitoka katika ukoo mkubwa wa Unguja, naye aliutetea utumwa wa nyumbani kwao kwa maneno yanayomkera msomaji wa leo. Lakini alilazimika kuutetea, kwa kuwa aliwaandikia watu waliomwuliza. Tippu Tip hatetei, kwa sababu haoni kwamba kuna kesi. Kimya chake si cha aibu. Ni cha mtu ambaye watumwa kwake wamo katika kundi la vitu visivyohitaji maelezo, kama njia na mvua.

Upande wa pili wa kimya hicho ulikuja kusemwa baadaye na wengine. James Juma Mbotela, aliyetoka katika jamii ya watumwa walioachiwa huru karibu na Mombasa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Kitabu hicho nacho kina mipaka yake, hasa katika kuwasifu Waingereza. Hata hivyo vikiwekwa juu ya meza moja, vitabu hivi viwili vinazungumza. Kimoja kinahesabu pembe, cha pili kinawakumbuka waliozibeba.

6.0 Safari ya Neno "Mwungwana"

Kuna neno moja ambalo linabeba historia hii yote, nalo ni mwungwana. Pwani mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye wazazi wanaojulikana, mwenye adabu za mjini. Neno lilisimama kinyume cha mtumwa na kinyume cha mshenzi. Kwa lugha ya kitabu chetu, mwungwana ni mtu mwenye nasaba.

Neno hilo lilipovuka Tanganyika lilifanya jambo la ajabu. Kongo ya mashariki Wangwana walikuja kuwa wafuasi wa Waarabu: wabeba bunduki, wakalimani, mafundi, wanawake wa vituo, wengi wao waliotekwa utotoni na kukatwa kutoka kwa jamaa zao. Walivaa kanzu, walisali, walizungumza Kiswahili, na kwa hayo wakahesabiwa kuwa waungwana. Wazungu waliofuata wakaiita lugha yao Kingwana. Basi jina la wenye nasaba likawa jina la waliopokonywa nasaba.

Mfano mkubwa ni Ngongo Lutete. Alianza katika utumwa, akapanda akawa jemadari mkubwa chini ya Tippu Tip na Sefu, akawaacha na kuungana na jeshi la Dola Huru ya Kongo mwaka 1892, na mwaka 1893 akauawa na maofisa wa dola hiyo hiyo aliyoisaidia kushinda. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka huo huo wa 1893, na Sefu akapoteza maisha yake katika vita hivyo. Mwaka 1894 utawala wa Waarabu wa Lualaba ulikuwa umekwisha. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Unguja tangu 1891. Ukoo wa Unguja uliondoka, au ulikufa. Wangwana walibaki, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kurudi. Ni wao waliokibakiza Kiswahili, ni wao waliouendeleza Uislamu wa Kasongo na Maniema, na ni kwao kwamba askari, mapadre na makampuni ya madini yaliikuta lugha tayari.

Hoja hii ina uzito kwa mtaala wetu. Tukikifundisha Kiswahili cha Kongo kama tawi lililonyauka la Kiswahili cha Unguja, tutakuwa tumeichukua nasaba ya Tippu Tip kuwa nasaba ya lugha. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha Shaba, akiusimulia mji huo kama walivyouona watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha na kuifafanua mwaka 1990. Matini hiyo haina fahari ya ukoo wala sarufi ya vitabuni. Lakini ndiyo mrithi halali wa Wangwana: watu wasiokuwa na jina kubwa wanaosimulia mji kwa lugha waliyoikuta mikononi mwao wakaifanya yao.

7.0 Kusoma kutoka Goma

Msomaji wa mji wetu anakabiliwa na mitego miwili. Wa kwanza uliwekwa na ukoloni. Shule za Wabelgiji zilisimulia vita vya 1892 hadi 1894 kama ukombozi: Mwarabu mkatili, Mzungu mkombozi. Simulizi hilo liliutumia unyama wa kweli wa biashara ya watumwa kufunika unyama wa kweli wa mpira na mikono iliyokatwa. Mtego wa pili uliwekwa na wale waliotaka kulijibu simulizi hilo kwa kumfanya Tippu Tip awe mzalendo aliyeonewa. Kitabu chenyewe kinavunja mitego yote miwili. Mtu aliyepokea mshahara wa Leopold si mpinzani wa ukoloni. Na dola iliyompa mshahara huo si mkombozi wa watumwa wake. Katika kisa kimojawapo Sayyid Barghash anamweleza Tippu Tip kwamba amekata tamaa na bara, kwa kuwa Wazungu wanaitaka hata Unguja yenyewe. Ni kisa cha huzuni ya kweli. Lakini waliohuzunika ni wenye mali, na waliokuwa mali hawakuulizwa.

Liko jambo la tatu, nalo ni la kwetu zaidi. Katika Kivu ya Kaskazini swali la "babu yako alikuwa wapi?" halikuishia kwenye mabaraza ya wazee. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilimtaka mtu awe na asili katika makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya mwaka 2004 iliileta tarehe hiyo mbele hadi wakati wa uhuru, yaani 1960. Kati ya sheria hizo mbili, na baada yake, watu wameuawa, wamefukuzwa na wamefanywa wakimbizi kwa sababu ya majibu ya swali hilo, na pande zote zimekuwa na nasaba zao tayari mkononi.

Sasa tuitazame tarehe ile ya 1885 kwa jicho la kitabu chetu. Katika mwaka ule bendera ya dola mpya ilikuwa haijawahi kuonekana katika sehemu kubwa ya mashariki, na Lualaba ilikuwa chini ya watu wa Tippu Tip. Watekwa walikuwa wakihamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, watoto wakipewa majina mapya, watawala wakiwapokea wageni kuwa wajukuu. Kuitafuta asili safi katika mwaka ule ni kama kutafuta alama ya maji mtoni. Kisa cha Kasongo Rushie kinatuonyesha mtu akipata nchi kwa nasaba ya uongo iliyoaminiwa. Historia yetu ya karibu inatuonyesha watu wakipoteza nchi kwa nasaba ya kweli iliyokataliwa. Katika hali zote mbili aliyeamua alikuwa yule aliyekuwa na uwezo wa kukubali au kukataa, na damu haikuulizwa.

Hatudai kwamba kitabu cha mfanyabiashara wa pembe kitatuponya. Fasihi haina kazi hiyo. Lakini mwanafunzi aliyejifunza kuuona mshono katika nasaba ya Tippu Tip atakuwa mzito kidogo kuimeza nasaba inayosomwa mbele yake kwenye mkutano wa hadhara, na pengine atauliza nani amelipwa nini ili isomwe.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi ni kitabu cha ukoo kabla ya kuwa kitabu cha safari. Ukoo ndani yake ni mtaji, ni dhamana na, katika Utetera, ni silaha. Kama kazi ya usimulizi kina sifa kubwa: ni chepesi, kina uchangamfu, na kinamwamini msomaji. Kama ushahidi wa utu kina upungufu mkubwa: kinajua uzito wa kila pembe na hakijui jina la aliyeibeba. Mhakiki anayeitaja sifa na kuuacha upungufu anamtumikia Shangani. Anayeutaja upungufu na kuiacha sifa anakosa kueleza kwa nini kitabu hiki kinasomeka hadi leo.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, pawepo toleo la Kiswahili lenye maelezo ya Kiswahili, ambalo litayafuata majina ya mahali na ya watawala wa Kongo na kuyasikiliza masimulizi ya wazee wa Maniema na Sankuru pale yanapopishana na ya mwandishi. La pili, kitabu hiki kisifundishwe peke yake. Kisomwe pamoja na Mbotela, pamoja na Yav, na pamoja na Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotolewa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, ambamo msafara wa kwenda bara unaonekana kwa macho ya kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kijana huyo anakwenda njia kama zile zile za Tippu Tip, ila hana ukoo wa kumdhamini. Yeye mwenyewe ndiye dhamana.

Tippu Tip alipomaliza kuandika alikuwa mzee katika nyumba kubwa kando ya bahari, na aliyemwomba aandike alikuwa Mzungu. Hakutufikiria sisi. Lakini ameandika kwa lugha yetu, na kwa hiyo hawezi kutuzuia kumsoma, wala kumwuliza yule bibi wa Utetera, aliyemwazima kwa siku moja, alikuwa bibi wa nani hasa.